Kamera Iliyotoka Baridini

Siku ninayoirudia kichwani kila nikishika kamera ni ile ya kupambwa kwa biharusi Maryamu, pale mtaa wa Kibokoni, Mombasa, katika joto lile linalotangulia mvua za masika. Ndiyo siku kioo cha lenzi yangu kilipoingia ukungu mbele ya wanawake wa mtaa mzima.

Naanzia hapo, mdogo wangu, kwa sababu maswali uliyonitumia nimeyasoma yote, na karibu yote yanaishia hapo. Umeuliza ununue lenzi gani kwanza. Umeuliza ISO uiweke ngapi ndani ya nyumba zetu hizi za madirisha madogo, na kama flashi ni lazima, na kama ni aibu kupiga kwa otomatiki. Umeuliza pia, mwisho kabisa, kwa maneno ya haraka kama mtu anayeona haya: "Na nifanye nini mikono ikitetemeka?" Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Wenye haki ya kumwita mtu "mwanangu" ni wazee, nami sijafika huko. Nimekutangulia miaka michache tu, na picha nyingi zaidi zilizoharibika. Basi nitakuita mdogo wangu, nawe nivumilie.

Nilijifunza peke yangu. Mjomba wangu alikuwa akipiga picha za pasipoti karibu na soko la Marikiti, na kazi ilipokwisha kwa ajili ya simu, akanipa kamera yake kuukuu, ile ya kubadilisha lenzi, pamoja na lenzi mbili. Sikuwa na mwalimu. Nilikuwa nikitazama video mtandaoni, nikiweka kikombe cha kahawa juu ya meza, nikakipiga, nikabadilisha kitu kimoja, nikakipiga tena. Nikaelewa kwamba tundu la lenzi ni kama dirisha, ukilifungua sana mwanga unaingia mwingi, lakini kilicho nyuma ya mtu kinafifia. Nikaelewa kwamba kasi ya shata ndiyo muda ambao dirisha hilo linakaa wazi, na kwamba ukiliacha wazi muda mrefu, anayetembea ataburura sura yake kama rangi iliyomwagika. Na ISO ni jinsi kamera inavyojikaza kuona gizani, ambako ikijikaza sana picha hujaa chengachenga. Mambo hayo matatu tu. Lakini mimi sikuweza kuyaacha yakae. Mama aliwahi kukichukua kile kikombe mbele ya kamera, akakiosha, akasema, "Kimezeeka hiki kwa kutazamwa. Kiache kipumzike."

Ndivyo nilivyo. Kitu kikiwa sawa, naogopa kwamba hakiko sawa vya kutosha. Nikitoka nyumbani narudi kuangalia betri niliyokwisha kuiangalia. Sikwambii haya kwa kujisifu, wala kwa kujidharau. Nakwambia ili uelewe kilichonipata.

Kazi ya Maryamu ilikuja kwa njia ya shangazi yake. Kwetu, kama ujuavyo, kupamba ni kwa wanawake peke yao. Wanakuja wamevaa walivyovaa, nywele wazi, mabega wazi, asumini kichwani, na hakuna anayetaka sura yake hiyo izunguke kwenye simu za watu. Kwa hiyo mlangoni huwekwa kikapu, kila simu inaingia humo, na mpiga picha huwa mmoja, mwanamke, anayejulikana kwao. Na kuna sharti jingine katika nyumba ile, ambalo shangazi alinieleza kabla hata sijakaa: kadi ya picha haitoki. Nikimaliza, naitoa kwenye kamera na kuiacha mikononi mwao. Siendi nayo nyumbani, sizigusi picha kwenye kompyuta, sizing'arishi, sizikati. Kitakachoingia kwenye kadi pale pale ndicho hicho.

Utafikiri mtu mwenye hofu kama yangu angekataa. Nilikubali, kwa sababu ya mama wa Maryamu.

Bi Zainabu alikuwa amekaa eda. Mumewe alikuwa amefariki, na kabla ya kufariki aliusia kwamba harusi ya binti yake isiahirishwe, kwani bwana harusi alifanya kazi Ghuba na likizo yake ilikuwa fupi. Basi harusi ikaendelea, naye mama akabaki ndani ya nyumba yake kama inavyompasa mjane, hana hina, hana manukato, hatoki. Kupamba kukahamishiwa nyumba ya shangazi, vichochoro viwili tu kutoka kwake. Vigelegele angevisikia. Mwanawe asingemwona.

Alasiri ile nilipita kwanza kwake kumwamkia. Alikuwa amekaa kitandani, nguo nyeupe isiyo na urembo, mikono mapajani.

"Shikamoo, Bi Zainabu."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe wa picha?"

"Ndimi."

Akanishika mkono akauweka kati ya mikono yake miwili. "Basi sikiliza. Mapambo nimeyaona, nguo nimeishona mimi. Nataka kumuona akitoka. Pale anapofunuliwa shela. Mimi sitakuwako, wewe ndiwe utakayenionea."

Nikasema inshallah. Nikatoka.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo swali lako la vifaa linapojibiwa.

Hewa yetu Mombasa ina maji na chumvi. Lenzi ya pili ya mjomba ilikufa kwa hilo: kuvu liliota ndani ya kioo, likatambaa kama nyuzi za buibui. Tangu nilipoliona kuvu lile nikawa sina raha. Nilikuwa nikipita maduka ya Biashara Street nikiomba vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vinavyonyonya unyevu, na kuvijaza kwenye mkoba wangu mpaka muuza viatu mmoja akaniuliza kama navila. Kwa hiyo nilipofika kwa shangazi, nikapandishwa chumba cha juu anakopambwa Maryamu, nikakuta kiyoyozi kinanguruma kwa nguvu zake zote ili vipodozi visiyeyuke, nilifurahi. Nikasema moyoni, hapa ni pakavu, hapa kamera yangu iko salama. Nikaiweka juu ya kabati, chini kabisa ya ule upepo wa baridi, pamoja na ile lenzi yangu moja nzima na flashi. Zikakaa hapo alasiri nzima.

Mimi nikashuka ukumbini kupima mwanga. Nilipima kila kitu. Nilimwomba mpishi mmoja asimame chini ya ngazi, mahali pale atakapofunuliwa biharusi, nikahesabu taa kichwani na kuandika namba za tundu, kasi na ISO kwenye kiganja changu kwa kalamu. Mpishi akasema, "Nimepambwa mimi sasa, huyo mume yuko wapi?" Nikacheka bila kumsikia. Namba zilikuwa sahihi. Nazikumbuka mpaka leo na bado ni sahihi. Kamera tu ndiyo sikushuka nayo. Nilikuwa nikiihifadhi.

Jua lilipokuwa likishuka wanawake wakajaa. Ukumbi ulikuwa chini, dari fupi, milango imefungwa na mapazia yameshushwa ili watu wa nje wasione. Mapanga ya dari yalikuwa yakizungusha joto lile lile. Udi unafuka, biriani linafunguliwa nyuma ya pazia, kila mtu anajipepea. Kiti kimoja cha mbele kilikuwa kitupu. Shangazi alikuwa ametandika juu yake leso ya Bi Zainabu, kanga yake, ili kila mtu ajue ni cha nani na kwa nini hakuna aliyekikalia.

Biharusi alikuwa mikononi mwa somo wake, Bi Rukia. Somo ndiye mwanamke mtu mzima anayemfunza biharusi na kumshika tangu ndani mpaka anapokabidhiwa, na neno lake siku hiyo hushinda hata la shangazi. Bi Rukia ni mwembamba, ana sauti ya kuamrisha meli. Alitoa kichwa ngazini akaita, "Haya, yuwatoka!"

Nikakimbia juu, nikaikamata kamera, nikashuka mbio kabla yao. Ilikuwa baridi mkononi kama chupa ya soda. Hilo nalo nililisikia na halikuniambia kitu. Nikasimama mahali pangu, nikaiinua jichoni.

Maziwa. Niliona maziwa matupu.

Nikaipangusa lenzi kwa kitambaa chake. Ikang'aa kama mtu anayefumbua macho, kisha ukungu ukairudia kutoka pembeni mpaka katikati, mbele ya macho yangu. Nikapangusa tena. Ikajaa tena. Kioo kilikuwa baridi na hewa ilikuwa moto na nzito, na hakuna kitambaa duniani kinachoshinda hilo. Leo najua. Siku ile nilidhani nimeivunja. Nikabadilisha ISO. Nikabadilisha tundu. Nikazungusha kitufe cha juu kutoka herufi moja hadi nyingine, kana kwamba ugonjwa ulikuwa kwenye namba. Nikataka hata kuing'oa lenzi nitazame ndani, na namshukuru Mungu vidole vyangu vilikuwa na jasho havikuweza, maana ningeuingiza mvuke ule mpaka tumboni mwa kamera.

Ngoma zikaanza. Vigelegele. Nyuma yangu mtu akasema, "Ina nini hiyo kamera?"

"Ina mafua," mwingine akajibu. "Mpeni chai ya tangawizi."

"Mfunikeni leso, yatetemeka!"

Wakacheka. Haikuwa kamera iliyokuwa ikitetemeka.

Niliinamisha kichwa juu ya kile kioo, nikawa napangusa, napuliza, na kupuliza ndiko kulikozidi kuharibu. Niliona upindo wa gauni ukifika ngazi ya mwisho. Nikasikia ukumbi ukinyamaza. Kisha ukumbi mzima ukavuta pumzi kwa pamoja, na nikajua shela imeondolewa. Nikainua kamera nikapiga, nikapiga, nikapiga kwa upofu. Kwenye skrini: nyeupe, nyeupe, nyeupe.

Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo hata sasa nikilikumbuka natamani kujificha chini ya meza. Nilipaza sauti. Nilisema, "Samahanini! Arudi juu kidogo, ashuke tena!"

Ngoma zikakatika. Maryamu akasimama. Bi Rukia akanigeukia polepole.

"Arudi wapi?"

"Juu, Bi Rukia. Kidogo tu. Kamera..."

"Biharusi akishatoka, hurudishwa?" Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. "Ametoka chumbani kwa bismillahi, nyumba yao ina msiba, babake hata hajakauka kaburini, nawe wataka nimgeuze mgongo apande ngazi kwa ajili ya hicho kidude?"

Hakuna aliyenipigia mzaha safari hii. Nilitazama vidole vyangu. Shangazi alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Imbeni," Bi Rukia akawaambia wa ngoma. "Imbeni tangu mwanzo. Yeye hatarudi, na wala hatakwenda mbio. Atasimama hapa hapa mpaka kidude hicho kipone. Kikikataa, tutakwenda bila yake."

Wakaimba. Waliurudia ule wimbo tangu mwanzo, wakaingiza na majina ya mashangazi ili uwe mrefu, na Maryamu akasimama pale macho chini kama inavyomlazimu. Mimi niliikumbatia kamera kifuani, ndani ya buibui langu, nikiipasha moto kama kifaranga. Sikuwa na ujuzi wowote wa kufanya hivyo. Nilikuwa nimeishiwa. Lakini ndilo jambo la kwanza la maana nililofanya jioni ile, kwa sababu kioo kilipopata joto la mwili, ukungu ukaanza kuondoka wenyewe. Nilipoinua tena nikaona uso wake, safi, nikazirudisha namba zilizokuwa kiganjani mwangu, zikafanya kazi yake.

Kuanzia hapo nilipiga vizuri. Nilimpiga akitembea, akikaa, akitunzwa pesa, mikono yake yenye urembo mweusi wa piko juu ya mapaja, shangazi akilia na kucheka. Mtu yeyote angeridhika. Mimi kila nikibonyeza nilikuwa nawaza kile kiti chenye leso, na picha ile moja isiyokuwepo, ndiyo iliyoombwa.

Wanawake walipoanza kula, Bi Rukia akaja, akasema, "Twende." Kadi ilitakiwa ipelekwe kwa mama, naye hakutaka iende bila mimi wala mimi niende bila yeye.

Tulipita kichochoroni, yeye mbele. Mdogo wangu, nakueleza ukweli: katika vichochoro vile viwili nilitunga uongo. Nilikuwa nimeupanga kabisa. Ningesema kadi imekula picha za mwanzo. Hutokea. Hakuna mtu nyumbani kwao angejua tofauti. Bi Rukia alijua ukungu tu, hakujua kadi ni kitu gani. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni tulipovua viatu.

Bi Zainabu alikuwa amekaa pale pale. Alikuwa amewasha taa zote za chumbani. Alikuwa amevaa miwani yake.

Nikakaa karibu naye, nikamshikia kamera, nikamfungulia picha kwenye skrini ndogo. Akatazama moja moja. Aliigusa skrini kwa ncha ya kidole kama anayegusa uso. "Mashallah," akasema. "Mashallah. Hii nguo nilisema imebana kwapani, imekaa vizuri." Akaendelea mpaka mwisho, akarudi mwanzo. Kisha akaniuliza kile nilichokuwa nikikisubiri.

"Akifunuliwa?"

Nikafungua mdomo. Sentensi yangu ilikuwa tayari. Lakini alinitazama kwa uhakika mkubwa kwamba ninayo, kwamba nimeificha tu ili nimalizie nayo, na sikuweza.

"Sikuipata, Bi Zainabu. Lenzi iliingia ukungu. Niliiacha kwenye baridi, na kosa ni langu. Zipo hizi." Nikamwonyesha zile nyeupe.

Alizitazama na hizo. Zote.  Kisha akavua miwani.

"Basi nisimulie."

"Vipi?"

"Ulikuwako. Nisimulie alivyotoka. Alikuwaje?"

Na hapo, mdogo wangu, ndipo nilipojua kosa langu lilikuwa wapi, na halikuwa kwenye kiyoyozi. Nilitafuta kichwani sura ya Maryamu akifunuliwa na sikuikuta. Nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko mtu yeyote, na sikumwona. Nilikuwa nikitazama kioo. Mpishi aliyechungulia nyuma ya pazia alikuwa na zaidi yangu.

"Sikuona," nikasema.

"Hukuona." Hakusema kwa ukali. Alirudia tu, kama mtu anayejaribu uzito wa kitu. "Mwanangu, kamera kuharibika najua, ni chuma. Lakini macho yako yalikuwa mazima. Hayo ndiyo niliyokuomba mimi."

Bi Rukia akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilidhani ataniongezea. Badala yake akamshika Bi Zainabu goti.

"Mimi nilimuona," akasema. "Nilipoivuta shela alikuwa macho chini, kama nilivyomfunza. Kisha akanivunjia adabu. Aliyainua. Nikamfinya, hakusikia. Akatazama mbele, huku, huku, kama anayemtafuta mtu. Nikasema moyoni huyu ataniaibisha. Kisha akayashusha akatulia. Sijui alikuwa akitafuta nini, palikuwa na ukuta wa watu, wamesimama wote, haonekani mtu."

 Hapo kitu kikanijia, kidogo sana, nikaona haya hata kukitaja.

"Mimi niliona miguu," nikasema.

Wote wawili wakanitazama.

"Nilikuwa nimeinama. Nilikuwa nikipangusa lenzi, na miguu yake ilikuwa mbele yangu pale chini ya ngazi. Ina hina mpaka kwenye vifundo. Alikuwa amesimama sawa, kisha visigino vikainuka. Akasimama kwa ncha za vidole. Vidole vyeupe kwa kukaza. Akakaa hivyo, kisha akashuka."

Bi Zainabu akavaa miwani yake tena. Akamtazama Bi Rukia, akanitazama mimi.

"Kiti changu kiliwekwa wapi?"

"Mbele," Bi Rukia akasema. "Na leso yako juu yake. Lakini watu waliposimama..."  Naye alikuwa ameelewa.

"Tangu mdogo," Bi Zainabu akasema.  "Nikienda sokoni, alikuwa akisimama hivyo hivyo, dirisha lile pale. Halifikii. Kwa vidole. Nikitokea pembeni naona nywele tu na paji la uso."

Akageuka akalitazama lile dirisha, na sisi tukalitazama. Alilia kidogo, kilio cha mtu aliyepata kitu. Kisha akatupangusa mashavu kwa mikono yake, yangu na ya Bi Rukia, sijui kwa nini yetu, na akasema, "Basi nimemuona."

Kadi nikaiacha pale, na zile nyeupe ndani yake. Aliniomba nisizifute.

Sasa maswali yako.

Lenzi ya kwanza, chukua ile iliyokuja na kamera, itumie mpaka uijue kama vidole vyako. Ukiweza kuongeza moja, iwe ile fupi isiyovuta wala kurudisha, yenye tundu kubwa, maana nyumba zetu ni za giza na itakukopesha mwanga. ISO ipandishe bila woga. Chengachenga ndani ya picha ni afadhali kuliko uso ulioburuzika. Flashi igeuze itazame dari au ukuta mweupe, usimwashie mtu machoni. Otomatiki si aibu. Aibu ni kuzungusha vitufe huku maisha ya watu yakikupita. Nunua betri ya pili na kadi ya pili kabla ya mkoba mzuri. Na kama kadi haitoki nyumbani kwa watu, piga picha za JPEG wanazoweza kuzifungua wenyewe, usiwaachie mafaili ambayo ni wewe tu unayeweza kuyasoma.

Na baridi: ukitoka chumba cha kiyoyozi kwenda kwenye joto letu, tia kamera ndani ya mfuko wa plastiki, ufunge barabara, uitoe mapema, uiache izoee humo ndani ya mfuko. Ukungu utakaa juu ya plastiki. Usibadilishe lenzi ikiwa baridi. Usipulize. Vile vipakiti vya viatu, endelea kuviomba. Kuvu ni kweli.

Lakini la mikono kutetemeka. Yangu bado yanitetemeka. Nilikuwa nikidhani itaacha siku nitakapojua kila kitu, kwa hiyo nikawa najifunza kwa hasira, kama mtu anayefukuzwa. Haikuacha. Kinachonisaidia ni hiki: hofu yangu naimaliza kabla. Nafika mapema, naweka namba zangu, nampiga mpishi, nampiga shangazi, natazama skrini, narekebisha. Kisha naiambia nafsi yangu: basi. Watu wakianza, sigusi tena isipokuwa mwanga umebadilika. Na kabla ya kuinua kamera, kila mara, namtazama mtu kwa macho yangu matupu kwanza, pumzi moja. Nimpate mimi kabla kamera haijampata. Ili hata kama kioo kikijaa maziwa, nikiulizwa "alikuwaje?" niwe na la kusema.

Picha zangu si kamilifu. Nikikuonyesha yoyote nitakuonyesha na kasoro zake, siwezi kujizuia. Lakini tangu siku ile hakuna harusi niliyoikosa nikiwa ndani yake.

Mungu akulinde, mdogo wangu, wewe na hicho kioo chako. Akupe mwanga unaokutosha, na usipotosha akupe subira. Akuingize katika nyumba za watu kwa heri na akutoe kwa heri, wakuamini na sura zao. Na aliye mbali, asiyeweza kutoka, atakapokutuma umwonee, Mungu ayafumbue macho yako wakati huo. Amin.